Miguu Mlangoni kwa Odeta

Mume wangu, Venant Kashindye, hakuvuliwa ubalozi wa nyumba kumi. Aliuacha mwenyewe, asubuhi kweupe, akiwa amenyoa ndevu na kuvaa koti. Hakuwa na hawara. Hakuficha samaki wa wizi, hakuficha kadi za chama chochote, wala hakumficha mtoto wetu yeyote kwenye uvungu wa mtu. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu wengi watakaosoma habari hizi wameshasikia ya mtaani kabla ya kunisikia mimi, na kwa sababu binti yetu Winnie ana posa kutoka Bujora ambayo sasa inasuasua kwa ajili ya maneno hayohayo.

Wanachotaka kujua watu ni jambo moja: Jumapili ile, ndani ya nyumba ya Odeta kulikuwa na nini. Nitafika huko kwa mpango wangu. Kwanza mtu mwenyewe ajulikane.

Venant alizaliwa Kisesa, mtoto wa mfugaji aliyekuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Alisoma mpaka darasa la nane kwa mapadri, akaajiriwa kuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kazi hiyo ndiyo iliyompa mke aliyesoma kumzidi na goti bovu. Mke ni mimi, Paskazia, mzaliwa wa Ukerewe. Nimefundisha sekondari miaka mingi somo lililoitwa siasa, ambalo siku hizi linaitwa uraia, na sijaona aliyetueleza vizuri tofauti yake. Goti lilitokana na robota la pamba lililoporomoka kutoka juu ya lori. Tangu hapo mguu wake wa kushoto haukukunjika. Akikaa, alinyoosha miguu yote miwili mbele yake kama mtu anayeota jua, nasi nyumbani tukazoea kuzunguka. Kwa Wasukuma, na kwetu Ukerewe vilevile, humruki mtu mzima aliyekaa. Unazunguka, au unasubiri. Kumruka ni kumtakia asiinuke tena. Watoto wetu walijifunza hilo kabla ya kujifunza kuhesabu, maana miguu ya baba yao ilikuwa kila mahali.

Tulijenga Ilemela, kwenye kilima cha mawe, mahali ambapo kupata uwanja wa kuweka vyumba vitatu ni kubishana na mwamba. Kutoka uani tuliliona ziwa lote, na uwanja wa ndege upande mmoja. Mtaa ulimchagua Venant kuwa balozi wa nyumba kumi, kazi ambayo enzi zile za chama kimoja ilikuwa chama na serikali kwa pamoja. Balozi alijua nani amepata mgeni, nani amegombana na mkewe, nani amenunua sukari bila kupanga foleni. Bendera ya chama ilisimama mbele ya nyumba yetu juu ya mti wa mkaratusi, na kila aliyepita alijua afikie wapi.

Mwaka wa themanini na tatu ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, yaani waliosemwa kuficha bidhaa adimu, balozi ndiye aliyewatangulia mgambo majumbani. Venant aliwatangulia. Katika nyumba ya fundi cherehani mmoja waliinua kitanda wakakuta vipande vya sabuni na doti za khanga ambazo mke wa fundi alikuwa amemwekea binti yake anayeolewa. Mama yule alitwishwa vitu vyake kichwani akashushwa navyo kilimani mbele ya watu wote, mgambo nyuma yake. Aliporudi baada ya wiki kadhaa hakumwamkia mtu. Familia ikahama.

Siku ile Venant hakula. Na tangu hapo hakuvuka kizingiti cha nyumba ya mtu kwa kazi ya ubalozi. Alitembea na kigoda chake cha miguu mitatu. Akifika kwa mtu anakohoa, anabisha hodi, anakaa uani, ananyoosha miguu, na shauri linasikilizwa palepale kwenye jua. Watu walimtania, wakamwita Balozi wa Nje. Alicheka. Kigoda hakukiacha.

*

Miaka ya tisini ilituletea mambo mengi kwa pupa. Viwanda vya minofu ya sangara vilijipanga ufukweni, ndege kubwa za mizigo zikawa zinapita juu ya paa letu mpaka vikombe vinalia kabatini. Mitumba ikajaa sokoni Mkuyuni. Kiwanda cha pamba kikapunguza watu, Venant akiwa mmojawao. Vyama vikawa vingi, na tukaambiwa kwamba balozi sasa ni mtu wa chama chake tu, si wa serikali tena. Venant aliwaeleza watu hivyo, neno kwa neno. Hawakumsikia. Waliendelea kuja na kesi zao, na yeye anawaambia, "Mimi sina serikali. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa," nao wanajibu, "Ndiyo, Balozi, lakini kwanza sikiliza." Hakuna aliyejua vizuri nani sasa anaamrisha nini. Hiyo ndiyo hali iliyokuwako, na kila mwenye sauti kubwa aliona nafasi imebaki wazi.

Odeta alifika katika kipindi hicho. Alitoka upande wa Musoma, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mkali wa ulimi, hana mume wa kuonekana. Akapanga nyumba ya vyumba viwili chini kidogo ya kwetu, akaanza kukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yanayobaki viwandani minofu ikishaondoka kwenda Ulaya. Alikaanga mchana kutwa uani kwake kwenye karai kubwa. Harufu ilipanda mlimani ikaingia mpaka kwenye nguo zilizoanikwa.

Maji yake ya kuoshea samaki yalikuwa tatizo la kweli. Aliyamwaga juu ya mwamba, yakateleza mpaka kwenye kisima tulichochota wote. Venant akachukua kigoda, akaenda.

"Odeta, maji yako yanashuka kisimani."

"Kwani mimi ndiye niliyeuinamisha mlima, baba?"

"Hukuuinamisha. Unachimba shimo."

"Kwenye mwamba huu? Nichimbe kwa meno?"

"Pale kwenye mchanga, nyuma ya choo. Leo."

"Na harufu je? Maana najua mkeo Mwalimu anaziba pua akipita hapa."

"Pua ni yake. Kisima ni chetu. Chimba."

Akachimba, akimtukana kwa Kijaluo na kwa Kiswahili. Venant hakuondoka mpaka shimo lilipofika kiunoni. Ninaieleza habari hii makusudi, kwa sababu wanaosema alikuwa mpole kwa Odeta kuliko kwa wengine hawakuwapo siku hiyo.

*

Mwaka wa tisini na nne Obedi akachaguliwa mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa dalali wa viwanja, kijana aliyejua kuzungumza, na simlaumu kwa kutaka cheo. Nasema tu kwamba alipokipata hakujua kinaishia wapi. Sungusungu wa mtaa wetu, wale wanaume wa zamu waliolinda nyumba dhidi ya wezi, akawafanya kama jeshi lake. Kiongozi wao alikuwa Chenge, fundi seremala, kifua kama mlango, mtu mwema akiachwa peke yake. Kwanza walikamata wezi, tukashukuru. Kisha wakawa wanawauliza wapangaji wametoka wapi. Kisha wakawa wanapita jioni kuona nani anakunywa pombe na nani.

Halafu Odeta akaonekana na kofia ya chama kingine. Sijui kama aliipenda au ilimkinga jua. Baada ya hapo harufu ya mapanki, ambayo tulikuwa tumekwisha kuizoea, ikawa tena kero ya mtaa.

Obedi aliitisha mkutano kwenye mwamba mpana ambako wanawake huanika dagaa. Watu walikuwa wengi. Venant alikaa pembeni kwenye kigoda chake.

"Wanaoona huyu mama anaharibu mtaa wanyooshe mikono," alisema Obedi.

"Anaharibu nini?" Venant aliuliza.

"Maadili, Mzee. Wanaume wanaonekana wakiingia mle."

"Na kutoka?"

"Hapo sasa!" alidakia Dorcas, kiongozi wa kwaya, ambaye nyumba yake inatazamana na ya Odeta. "Mmoja aliingia, mimi nimemwona kwa macho yangu, na kutoka hajatoka!"

Watu wakacheka. Obedi hakucheka. "Anamficha mtu. Labda jambazi. Mkutano upitishe kwamba sungusungu waingie wakague, na akikutwa na mtu, ahame."

Venant akanyoosha mkono wa kuomba nafasi, akasema bila kuinuka. "Mkutano ukipanga siku ya kuzoa taka, nitakuja na reki yangu. Maji ya samaki yalipofika kisimani nilimchimbisha shimo, na alinitukana mkisikia. Kinachotoka kwake kikaja kwetu, hicho ni chetu. Lakini mkutano haupangi nani alale kwa Odeta."

"Ruksa!" sauti ilitoka nyuma. "Siku hizi kila kitu ruksa!"

"Soko huria mpaka chumbani!" mwingine akajibu, na mwamba wote ukaangua kicheko.

Mikono ikanyooshwa. Mingi sana. Mimi sikunyoosha, wala sikufungua mdomo. Mke wa balozi habishani mkutanoni. Lakini niliitazama ile mikono, na niliwafahamu wenye mikono hiyo, wengi nimewafundisha, na hakuna hata mmoja ambaye angependa chumba chake kipigiwe kura.

*

Sungusungu walikuja Jumapili baada ya misa ya pili. Tulikuwa bado tumevaa nguo za kanisani. Filimbi zikaanza kulia kutoka kona zote za kilima. Venant akasimama, akachukua kigoda, akatoka.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kukaa."

Nikamfuata. Odeta alikuwa amesikia filimbi, akakimbilia ndani na kukomea, karai ameliacha motoni. Venant akaweka kigoda chake mlangoni kabisa, mgongo kwenye mbao, akanyoosha miguu. Mlango ule ulikuwa mwembamba na ngazi yake ya jiwe ilikuwa fupi, upande mmoja ukuta, upande mwingine mwamba. Pa kupita hapakuwapo isipokuwa juu ya miguu yake.

Watu walipanda juu ya mawe kama wanaotazama mpira. Upepo wa ziwa ulivuma, moshi wa mafuta ukatuzunguka.

"Mafuta yanaungua!" wanawake wakapiga kelele. "Epueni!"

"Mama Winnie," Venant akaniambia, "epua karai."

Nikaliepua, mbele ya mtaa mzima, kwa kitenge changu cha kanisani. Doa la mafuta lipo mpaka leo.

Chenge akafika na watu wake, fimbo mikononi. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, Chenge. Mmesali?"

"Tumetumwa, baba. Vuta miguu tupite."

"Goti hili unalijua. Halikunjiki."

"Basi inuka."

"Nimekaa sasa hivi tu."

Kicheko kikapita juu ya mawe. Obedi akajipenyeza mbele, suti yake imeshika majivu. "Mzee Kashindye, unazuia kazi ya serikali."

"Ipi?"

"Serikali ya mtaa. Mimi."

"Kuna aliyeibiwa? Kuna aliyepigwa? Nionyeshe mlalamikaji."

"Tumelalamika wote!" Dorcas alipaza sauti.

"Umeibiwa nini, Dorcas?"

"Usingizi!"

Hata Venant alicheka hapo. Kisha akamgeukia Obedi, na sauti yake ikashuka. "Nenda mjini kwa hakimu. Mwambie unatafuta nini na kwa sababu gani. Akikupa hati, njoo na askari polisi mchana kama huu, nitaondoka na kigoda changu na mlango utakuwa wenu. Sheria sizuii. Lakini ninyi hamna hati wala mlalamikaji. Mna hamu tu ya kujua."

"Wewe!" Obedi alimnyooshea kidole. "Wewe mwaka wa themanini na tatu uliingia nyumba za watu. Ulikuwa na hati? Uliinua vitanda vya watu hapahapa mtaani!"

Nilimtazama mume wangu nikiogopa atakachojibu, kwa kuwa jambo hilo hatukuwahi kulizungumza hata sisi wawili.

"Niliinua," alisema Venant. "Ndiyo sababu nimekaa hapa."

Obedi hakutegemea jibu hilo. Akatazama huku na huku. Bibi mmoja juu ya jiwe, mama yake Chenge, akasema kwa sauti ya kusikika: "Serikali ya mtaa tumekuchagua, mwanangu. Ya uvunguni nani kakuchagua?"

Watu wakacheka tena, na hicho kicheko ndicho kilichomharibu Obedi. "Chenge," alisema, "mruke."

Chenge hakusogea.

"Mruke! Ni amri!"

Chenge akauinua mguu wake wa kulia. Naapa niliona kiatu chake kikiwa juu ya goti la mume wangu. Venant hakuvuta miguu wala hakumtazama. Alitazama ziwa.

"Chenge!" mama yake alipiga ukelele. "Ukimruka huyo, chakula changu usikiguse tena! Na nikifa usinizike!"

Mguu ukabaki hewani. Kisha Chenge akaurudisha chini, taratibu, akarudi nyuma hatua moja. "Mwenyekiti," alisema, "mruke wewe."

Obedi akaitazama ile miguu. Alizaliwa hapahapa, na mama yake ni Msukuma kama mama wa Chenge. Hakumruka.

Watu walipokwisha kutawanyika, Venant aligonga mlango kwa kiganja. "Odeta, wameondoka. Karai tumekuepulia."

"Ahsante, baba," sauti ikajibu kutoka ndani.

Basi. Hakuomba afunguliwe. Akachukua kigoda tukapanda kwetu. Njiani nilishindwa kujizuia.

"Kulikuwa na nini ndani?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Mwalimu, ningemuuliza ningekuwa nimeingia."

Nikamwambia kwamba ameliweka jina letu mlangoni pa kitu asichokijua, na kwamba mtu aliyesoma huangalia kwanza anachokitetea. Aliniomba maji ya kuoga.

*

Obedi alikuja asubuhi yake na wazee wawili wa chama kumwonya. Hawakupata nafasi ya kumwonya. Walimkuta amekwisha kunyoa, amevaa koti, bendera ameishusha na kuikunja. Akawakabidhi kwa mikono miwili, akawashukuru kwa miaka yote. Hiyo ndiyo habari nzima ya kuvuliwa kwake. Mti wa mkaratusi tuliufanya nguzo ya kamba ya nguo.

Jibu la Obedi lilikuwa kututenga. Wasiojua mambo ya kwetu watadhani ni jambo dogo. Mtaa ukikutenga, hakuna anayekuomba moto wala anayekupa, hakuna anayeitikia salamu yako, na wewe ukifika kisimani wenzako wanaweka ndoo chini na kusubiri uondoke. Wanafunzi wangu mwenyewe, niliowafundisha haki za raia na kuwasahihishia, walitazama pembeni nilipopita. Watu walihitaji sababu ya kutufanyia vile, na hapo ndipo hadithi zilipozaliwa. Ikawa Odeta ni hawara. Ikawa ndani mlikuwa na kijana wetu mkubwa aliyeiba kiwandani. Kijana wetu mkubwa alikuwa Tabora akisomea ualimu, na kila mtu alijua, lakini mtu anayetaka sababu hachagui.

Nililala vibaya miaka hiyo. Niliamka na kukagua mlango, nikitembea kutoka jikoni mpaka dirishani, nikisikiliza nani anapita na kama anasimama. Mara nyingi nilimwambia Venant: mwombe Odeta aseme, mara moja tu, mbele ya watu. Alikuwa akisema, "Akitaka atasema." Jioni alishuka na kigoda chake, akakaa uani kwa Odeta kama alivyokaa uani kwa kila mtu, mbele ya macho ya Dorcas, akala mapanki. Nami nilikwenda naye, kitenge kimoja juu ya kingine, nikiwa nimenyoosha shingo. Sikutaka isemwe kwamba alikwenda peke yake.

Alifariki mwaka wa tisini na saba, kwa ugonjwa wa kifua, mvua kubwa zikiwa zimeanza. Mtaa ulikuwa bado umetutenga. Ndugu wa Kisesa walikuwa njiani, barabara imekatika, na kaburi kwenye kilima kile si la mtu mmoja kuchimba. Nilisimama uani nikitazama mawe, nikafikiri: hii ndiyo siku waliyokuwa wanaingojea.

Chenge alikuja na sururu begani, mvua inamtiririka.

"Pole, mama. Tunachimba wapi?"

Nikamwonyesha. Akapiga pigo la kwanza, na sauti ya chuma juu ya mwamba ikasikika kilima kizima. Baadaye wakaja wa sungusungu wengine, mmojammoja, kila mmoja na jembe lake, bila kunitazama usoni. Odeta alileta chakula na wanawake wa mapanki. Mama Chenge akaja, kisha Dorcas na kwaya yake. Obedi alikuja mwisho, akatoa pole, nikaipokea. Msibani hafukuzwi mtu.

Wageni walipoondoka, Odeta akaniambia, "Mama Winnie, njoo kwangu."

Nilikwenda. Akafungua mlango, akasema karibu, nikavuka kile kizingiti ambacho mume wangu hakuwahi kukivuka. Akafungua na chumba cha ndani. Nikaona. Niliketi kitandani kitambo, akanichemshia chai, nikanywa.

"Nilitaka kumwonyesha mara nyingi," alisema Odeta. "Kila nikifungua mlango, anageuza kigoda anatazama ziwa."

Kwa hiyo ninajua. Nasema wazi kwamba ninajua, na kwamba nilichokiona kingefunga midomo yote ya kilima kile kwa siku moja.

*

Mwezi uliopita alikuja Teodora, shangazi wa kijana anayemposa Winnie. Mama mwenye heshima zake, amevaa rozari. Tulizungumza habari za mvua na pamba, na makumbusho ya Bujora yanavyovuta Wazungu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, sisi hatuna ubaya. Ila wazee wamesikia maneno. Niambie mimi tu, mwanamke kwa mwanamke, niwafunge mdomo. Mle ndani kulikuwa na nini?"

"Ni nyumba ya Odeta, dada."

"Hata kwa ishara. Alikuwa mtu au kitu?"

"Nikuongezee chai?"

"Mwalimu, ni ndoa ya mwanao!"

Winnie alikuwa mlangoni na sinia. Aliyasikia yote. Akamimina chai, akapiga goti, akatoka.

Jioni alinijia jikoni. "Mama, ukiniambia mimi je?"

"Ukijua utafanya nini?"

Akafikiri. "Nitamwambia mchumba wangu. Hatanisumbua, lakini nitamwambia. Naye atamwambia shangazi yake."

"Unataka nikwambie?"

Alichambua mchele. Anampenda yule kijana, na mimi ni mama, naliona. "Baba alijua?" aliuliza.

"Hapana."

"Alikaa pale bila kujua?"

"Bila kujua."

Akachambua tena. "Basi usiniambie," alisema, akaenda kuteka maji.

Bujora hawajaleta jibu. Wakija, mlango upo, wabishe hodi watakaribishwa. Wasipokuja, nitasikitika, kwa kuwa mtoto wangu atalia. Lakini wasinitumie mtu mwingine. Padri ameniuliza, nimemkatalia. Kaka yangu ameniuliza, nimemkatalia. Niliandika haya ili jina la Venant Kashindye lijulikane alivyokuwa, si ili niinue kitanda cha Odeta baada ya mume wangu kukaa mbele yake.

Kilichokuwa ndani ya nyumba ile ni cha mwenye nyumba. Sisemi.